Tyuna otomatiki ya antena: ipi ununue ukiwa Arusha au Moshi

Ukibonyeza kitufe cha kutyuni kwenye tyuna, boksi linalolinganisha redio ya ridhaa na antena, rilei (swichi ndogo za umeme) zinaanza kugonga ndani ya boksi kama mahindi ya bisi sufuriani, kisha kimya. Taa ya kijani inawaka na redio inasoma SWR 1.1 (SWR ni kipimo cha nguvu inayogonga antena na kurudi; ikiwa 1, hairudi kitu). Wengi hapo hapo huanza kuita. Mimi siku hizi najiuliza kwanza: hiyo 1.1 imepimwa wapi, kwenye redio au kwenye antena? Orodha yangu nimeipanga kwa swali hilo, na ndiyo maana boksi linalosifiwa sana sikuliweka la kwanza.

Kijana mmoja wa Kiborloni, Moshi, aliyepata leseni karibuni, alinipigia simu. "Shikamoo mzee. Redio inasoma moja nukta moja, lakini kwenye mita ishirini nimeita wiki nzima, hakuna anayenisikia." Nilipanda basi nikaenda kuona. Alikuwa na Xiegu G90 ya wati 20, ambayo ina tyuna nzuri ndani. Antena yake ilikuwa dipoli (waya wa pande mbili, kebo ikiingia katikati) ya bendi ya mita 40 aliyoikata vizuri kabisa, kama mita 10 kila upande, ikishuka na mita 25 za kebo nyembamba ya koaksia, RG-58.

Dipoli hiyo kwenye megahezi 7.1 ni nusu wimbi na inapokea nguvu bila ubishi. Kwenye megahezi 14, yaani bendi ile ya mita 20, inakuwa wimbi zima, na pale katikati ukinzani wake unapanda hadi maelfu ya omu, wakati kebo ni ya omu 50. Pale juu SWR inaweza kufika 60. Chini kwenye redio unasoma kama 6 tu, kwa sababu nguvu inayorudi inaliwa na kebo njiani. Tyuna inaikuta hiyo 6, inailainisha hadi 1.1, na kila kitu kinaonekana shwari. Nilimpigia hesabu kwenye daftari lake: kati ya wati 20, zilizofika kwenye waya ni kama 2. Nyingine zote zilikuwa zinaipasha moto kebo.

Hakununua tyuna. Tulikwenda duka la vifaa vya umeme, tukachukua waya wa 1.5, tukakata vipande viwili vya mita 5 na sentimita chache, tukavifunga pale pale katikati chini ya ile dipoli viwe dipoli ya pili, ya mita 20, ncha zikiwa mbali na waya wa juu. Jioni ile ile kituo cha Italia kilimjibu kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, fahamu kwamba tyuna haitengenezi antena. Inafanya redio ione omu 50, basi. Nguvu inayopotea kati ya tyuna na antena inaendelea kupotea. Kama SWR yako haipiti 3, redio nyingi zenye tyuna ndani zitaimudu. Icom IC-7300, kwa mfano, inashughulikia kati ya omu 16.7 na 150, na hiyo ndiyo SWR ya 3. Mwenye redio hiyo na dipoli za kila bendi hana sababu ya kununua chochote kilichomo humu. Na kama ndiyo kwanza unaanza na redio bado hujanunua, G90 inakupa redio na tyuna pana kwa pamoja, ukikumbuka yaliyompata yule kijana.

Wanaohitaji boksi la pembeni ni wale wenye redio isiyo na tyuna, kama Yaesu FT-891, au wenye kiwanja kidogo wanaotaka waya mmoja ufanye bendi zote. Viwanja vyetu vya Sakina na Njiro hivi: nyumba, ukuta, mparachichi mmoja. Hapo tyuna ina kazi ya kweli.

Namba 1: tyuna ya nje, inayokaa pale waya unapoanzia

Hii ndiyo ningemwambia mwenye nyumba yoyote Arusha anunue, hata kama itabidi asubiri miezi miwili hela itimie. Inafungwa nje, chini ya mti au kwenye nguzo, waya unaanzia pale pale kwenye boksi, na kebo inayorudi ndani inabeba nguvu iliyokwisha kulainishwa. Hasara ya kebo niliyoieleza haina mahali pa kutokea.

Katika kundi hili ningechukua CG-3000 kwanza. Ni ya Kichina, inabeba wati 200 za sauti, inafanya kazi kuanzia megahezi 1.8 hadi 30, na inataka waya usiopungua mita 8. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haichagui redio: ipe volti 12 na nguvu kidogo, itatafuta yenyewe. Ukibadilisha redio kesho, yenyewe inabaki mtini. Bei yake huzidi dola 200 kabla ya usafiri.

Icom AH-4 ni imara sana, wati 120, na kwa waya wa mita 7 au zaidi inafanya kuanzia megahezi 3.5 hadi 54. Lakini imetengenezwa kuongea na redio za Icom kupitia waya wake wa udhibiti. Yaesu FC-40, wati 100, nayo ni hivyo hivyo kwa Yaesu. Ukiikuta AH-4 iliyotumika kwa mtu anayehama, na redio yako ni Icom, usiiache.

LDG RT-100 ina jambo moja zuri kwa mafundi wavivu wa kuchimba mitaro: umeme wake unapita ndani ya kebo ile ile ya koaksia, kwa hiyo unavuta kebo moja tu. Ila kisanduku cha kuingiza huo umeme huuzwa peke yake, na waya ukiuanzia pale utahitaji pia transfoma ya antena. Jumlisha vyote kabla ya kusema ni rahisi.

Sasa waya wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Usikate urefu ulio sawa na nusu wimbi la bendi yoyote utakayotumia. Kwenye mita 40 nusu wimbi ni kama mita 20, na kwenye mita 20 ni kama mita 10. Ukitumia urefu huo, ukinzani wa mwanzo wa waya unapaa na tyuna inahangaika. Mita 12.5 au 17.7 zinakwepa mitego mingi. Hata hivyo mwanzo wa waya unabeba volti nyingi: wati 100 kwenye omu 3,000 ni zaidi ya volti 500. Pandisha boksi juu, mtoto wala mbuzi asiufikie waya.

Na usitegemee chuma kimoja cha ethi. Udongo wetu wa majivu ya volkano ukikauka mwezi wa nane haupitishi umeme vizuri. Tandaza nyaya nne hadi nane juu ya ardhi kutoka kwenye boksi, urefu wowote kiwanja kinachoruhusu. Mwaka nilioanza, sikutandaza hata mmoja. Nilikuwa naongea na kituo cha Afrika Kusini, mdomo ukagusa chuma cha maikrofoni, nikaungua mdomo kama nimegusa kijiko kilichotoka motoni. Mawimbi yalikuwa yanarudi ndani kupitia kebo kutafuta ethi ambayo sikuyapa nje. Nyaya nne na pete za feraiti kwenye kebo zilimaliza tatizo lile.

Namba 2: tyuna ya mezani

Hapa LDG ndiyo inayotajwa zaidi, na inastahili. Z-11Pro II ndiyo ninayoipenda kwa mazingira yetu ya umeme kukatika, kwa sababu rilei zake zikishakaa mahali pake hazili umeme. Unaweza kuiendesha kwa betri nane za AA ndani yake. Kwa mtu anayerusha kwa betri ya sola usiku, hilo ni jambo kubwa. Inakumbuka pia: ukirudi kwenye masafa uliyowahi kutyuni, inajibu chini ya sekunde moja badala ya kutafuta upya.

Soma lakini ile namba ndogo kwenye karatasi. Wati 125 zilizoandikwa ni za sauti na morsi. Kwa njia za kidijitali kikomo chake ni wati 30. FT8, njia ya kidijitali ya kurusha kwa kompyuta, inarusha kwa nguvu kamili karibu sekunde 13 katika kila 15 za zamu yako, koili hazipati kupumua kama zinavyopumua mtu anapoongea. Ukitaka kurusha FT8 kwa wati 100, nenda AT-200Pro II, ambayo ni wati 250 za sauti na 100 za kidijitali. Nimeona mtu ameunguza tyuna kwa kutotofautisha namba hizi mbili, naye alilaumu kiwanda.

Nimeiweka ya pili na si ya kwanza kwa sababu ya kebo. Chukua mita 20 za RG-58 kwenye bendi ya mita 10, SWR ya antena ikiwa 10: tyuna iliyo mezani itakuonyesha 1.2, lakini kwenye antena itafika theluthi moja hivi ya nguvu. Kwa tulio karibu na ikweta, ambako mita 10 hufunguka vizuri jua likiwa na madoa mengi, hiyo ndiyo bendi usiyotaka kuipoteza. Kebo nene na fupi hupunguza hasara. Ukiilisha dipoli kwa nyaya mbili sambamba badala ya koaksia, hasara karibu iishe, na hapo tyuna ya mezani yenye baluni (transfoma ya kuunganisha nyaya hizo mbili na tyuna) inakuwa karibu sawa na ya nje.

Namba 3: ATU-100

Huu ni mchoro wa mrushaji mwenye alama ya wito N7DDC, ulioachwa wazi kwa kila mtu, na viwanda vya China vinauuza kama vipande vya kuunga au boksi lililokamilika. Ndiyo ya bei ya chini kuliko zote hapa, mara nyingi chini ya dola 100. Ndani ina koili saba na kapasita saba, na kapasita zinaweza kuwekwa upande wowote wa koili, kwa hiyo ina michanganyiko 32,768 ya kujaribu. Kwa mwanafunzi anayetaka kuelewa tyuna inavyofikiri, hakuna darasa zuri kuliko kuiunga mwenyewe.

Mimi niliiunga mezani kwa siku mbili. Ikatyuni, lakini namba za wati zilikuwa za ajabu. Kosa lilikuwa langu: kwenye pete ya transfoma ya kupimia nilihesabu mizunguko kwa kutazama nje. Hesabu inafanywa ndani ya tundu: kila waya unapopita katikati ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza unaoonekana kama umenyooka tu. Nilikuwa nimezidisha mmoja. Nikaufungua, nikaulehemu upya, namba zikakaa.

Haijawa ya kwanza kwa sababu rilei zake zinakula umeme muda wote zikiwa zimevutwa, na ubora wa sehemu unategemea aliyekuuzia. Kwa redio ya wati 20 inatosha sana. Usiipe kazi ya wati 100 za FT8, shusha nguvu.

Namba 4: ya kuzungusha kwa mkono

Si otomatiki, najua, lakini MFJ-949E iliyotumika ikipatikana kwa bei nzuri ni chombo cha miaka. MFJ walisimamisha uzalishaji kiwandani kwao Mississippi Mei 2024, kwa hiyo nunua iliyo nzima, usiinunue ukitarajia vipuri.

Za mwisho kabisa ni zile za wati 1,000, kama AT-1000Pro II. Bila amplifaya, unalipia uzito.

Kuhusu kuagiza

Nyingi utaziagiza nje. Bei unayoiona mtandaoni si utakayolipa: usafiri unaongezwa, ushuru unaongezwa, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo. Ukipata msafiri anayekuja uwanja wa ndege wa KIA kutoka Marekani au Ulaya, mwombe akubebee na stakabadhi yake. Na kwa mgeni kabisa: leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na alama ya wito inayoanza na 5H vitangulie kabla ya kubonyeza kitufe cha kurusha.

Siku boksi linapofika, usiliunge na antena kwanza. Unga mzigo bandia wa omu 50 (kikinza kinachokaa mahali pa antena), rusha wati 10, tyuna isome karibu na 1. Kisha unga antena na upite bendi moja moja kwa wati hizo 10, uandike SWR ya kila bendi kabla na baada ya kutyuni, tarehe juu. Kwa boksi la nje, ziba viungio kwa utepe wa mpira na uelekeze tundu la kutolea maji chini, ukiliwekea wavu mwembamba. Sisimizi wanapenda joto la mle ndani, na nimewahi kufungua boksi nikakuta wametandaza mayai juu ya rilei. Radi zikianza kuunguruma upande wa Meru, chomoa kebo na uiache nje ya dirisha. Masika yakishika, pima bendi zote tena na ulinganishe na daftari. Namba zikiwa zimehama sana, fungua viungio vya nje kwanza, kwani maji huingia hapo kabla ya kitu kingine chochote kuharibika.