Uzoefu wangu: kulala jangwani njia ya ubani, Salalah mpaka jangwa kubwa la Rub al Khali

Nianze na bei mana najua hicho ndo wengi mnakitafuta kabla hamjasoma chochote. Riali 140 za Oman kwa kichwa, usiku mbili, unaondokea Salalah na unarudishwa Salalah, gari, dereva, hema, chakula na maji vyote humo humo. Riali moja ni kama dola 2.6 basi pigeni hesabu wenyewe, kwa pesa zetu ilikuja laki tisa na ushee siku tuliobadilisha. Ipo na ya usiku mmoja riali 85. Ndege na viza juu yako. Inafaa? Mie nasema inafaa, lakini si kwa sababu wanazozitangaza wao, na nikenda tena ntauliza suali moja tu kabla sijatoa pesa yangu: nani anaendesha?

Sie watu wa Unguja na Pemba tunaokwenda Oman tunajuana. Unafikia Maskati kwa ndugu, unakaa sebleni unasema Kiswahili asubuhi mpaka usiku, unapelekwa soko la Matrah kununua vya kupeleka nyumbani, unakula, unarudi. Mtu kenda Oman mara chungu nzima na jangwa kaliona kwenye dirisha la ndege basi. Mie safari hii nikasema hapana, binamu yangu anaekaa Seeb, huko huko Maskati, akatafuta kampuni, jina lao silitaji mana mazuri yao na mabaya yao yote nayasema hapa na sitaki maneno na mtu. Tulikuwa mie na mke wangu, binamu na mkewe na watoto wao, gari mbili.

Kutoka Maskati mpaka Salalah ni kama kilomita 1,000 kwa hio tulipanda ndege ya ndani, kwa gari na watoto mngenisikia habari nyengine. Salalah yenyewe inakuchanganya, minazi, migomba, mipapai, madafu yanauzwa barabarani, mke wangu akauliza hilo jangwa tulilolipia liko wapi. Liko nyuma ya mlima. Ule upepo wa kusi tunaoujua sie, majahazi yalikuwa yakipanda nao kwenda Arabuni, ukifika kule mwezi wa 6 mpaka wa 9 unapiga mlima kwa upande wa bahari, inakuwa ukungu na manyunyu tu na majani yanaota mpaka kwenye mawe, wao wanaita kharifu. Mlima unauzuia hapo hapo. Ukishavuka kileleni ukaanza kuteremka upande wa pili ukijani unakatika ghafla, dakika chache tu na huoni tena jani, changarawe na vumbi mpaka mwisho wa macho.

Na hapo hapo kwenye ukavu ndo ubani unapopenda kuota. Kituo cha kwanza Wadi Dawkah, kama kilomita 40 kutoka mjini, bonde zima miti ya ubani na ni urithi wa dunia wa UNESCO tokea mwaka 2000 pamoja na Shisr na bandari mbili za kale, Khor Rori na Al Baleed. Mti wenyewe nakwambia ukiuona hushtuki, mfupi, umepinda pinda, gome linabanduka banduka kama karatasi, majani machache yaliojikunja. Dereva wetu, mzee wa makamo wa Thumrait, mji mdogo wa nyuma ya mlima, sie tulikuwa tunamwita ami, akatuonesha vipi wanavyofanya. Hawautoboi mti, wanaukwangua gome kidogo tu kwa kisu chao, pale pale yanatoka matone meupe kama maziwa, wanayaacha kama wiki mbili yagande ndo wanarudi. Ya mwanzo hayana thamani, wanakwangua tena pale pale na tena, na yale ya baadae ndo mali. Akatuwekea tone moja mkononi bado linanata, ukilisugua harufu unayoipata si ile ya moshi wa chetezo, ni kali, ya kindimu ndimu hivi, mke wangu alikaa nalo kwenye kitambaa safari nzima. Mtu umechoma ubani Alkhamisi magharibi tokea unazaliwa, maulidi, arusi, mtoto mchanga, maiti, wala hujawahi kujiuliza mtu gani kaukwangua. Ule mweupe wenye ukijani ndo wanauita hojari na ndo ghali, na ami akasema bila ya kuulizwa kwamba mwingi unaouzwa sokoni kule kule Salalah ni wa Somalia, ambao na wenyewe ni mzuri ila muuzaji akwambie kweli.

Makumbusho ya Al Baleed kampuni ilitupa nusu saa. Nusu saa jamani! Pale ndo palipokuwa Zafar, mji ule aliofika Ibn Battuta, yule msafiri wa zamani wa Kimoroko, akitokea Kilwa, miaka ya 1330 na kitu hivi, yani alipanda chombo kwetu huku akashukia pale. Na aliandika kuwa wanyama wa pale wanalishwa dagaa. Binamu alipomtafsiria ami akacheka akasema na leo, ngamia wake mwenyewe anakula dagaa wakavu msimu majani yakiwa hakuna. Habari hio ilinifurahisha kuliko vioo vyote vya mule ndani, ningeomba saa mbili.

Sasa Shisr. Hapa ndo matangazo yao yote yalipo, "mji uliopotea wa Ubar", picha za setilaiti, kila kitu. Ukweli wake ni kwamba kuna kijiji kidogo, uzio, na magofu ya ngome iliokaa juu ya pango la mawe ya chokaa, pango likaporomoka na ngome ikaingia shimoni, chini kuna kisima. Miaka ya mwanzo ya 90 walikuja Wamarekani na Waingereza, wametizama picha za rada zilizopigwa kutoka angani wakaona njia za misafara za zamani zinakutana pale, wakachimba, wakatangaza kuwa Ubar imepatikana, na wengine wakaenda mbali zaidi wakasema hii ndo Iram ya kaumu ya Aad tuliyosomeshwa chuoni. Wataalamu wengi hawakubali, na hata mwenyewe aliekuwa anasimamia uchimbaji, Juris Zarins, baadae alisema Ubar ni jina la nchi, eneo zima, si mji mmoja. Hayo hakuna alietwambia kule, nilisoma usiku kabla ya kuondoka. Ukienda na hamu ya kuona maguzo utavunjika moyo. Ukienda kutizama kisima basi utafahamu, mana maji ya kudumu upande ule ni hayo tu kwa masafa marefu, msafara wa ubani unaoelekea kaskazini usiponywesha ngamia pale unakwenda kufa. Mie nilisimama pembeni ya lile shimo nikatizama chini, nikasema haya, hichi ndo kilichoujenga mji.

Baada ya Shisr lami kwaheri. Changarawe ngumu mpaka kijiji cha Al Hashman, gari inatetemeka mpaka meno, halafu michanga inaanza, myekundu, na ukubwa wake kamera haiwezi. Hapa ami akasimamisha gari akashuka na kijidude cha kupimia akatoa upepo matairi yote manne, kutoka 35 mpaka 15, watoto wakafikiri tumepata pancha. Tairi likajitandaza chini kama kitumbua kilichokosa hamira. Binamu akauliza kwanini, ami akampigisha magoti atizame alama zilizoachwa, nyuma ilikuwa nyembamba imezama, sasa pana na haijaingia. Ndo siri yote, gari ielee juu ya mchanga isichimbe.

Halafu kuendesha kwenyewe. Kila kilima cha mchanga kina upande wa upepo, umelala na mgumu, na upande wa pili uliosimama, mlaini, unakwenda chini nyuzi 30 na zaidi. Ami anapanda upande ule wa upepo kwa mwendo mmoja haongezi hapunguzi, akifika juu kabisa anatoa mguu na gari inasimama yenyewe pua imechungulia chini kidogo, anashuka anatizama kwa miguu yake, anarudi, ndo anateremka moja kwa moja. Pembeni pembeni hateremki hata iweje, ndo gari zinapopinduka. Kila kilima. Hakuna alichokidharau. Mke wangu ambae akipanda gari ya shamba kwenda Nungwi anasoma dua njia nzima, alilala!

Gari ya pili ilikuwa na kijana. Ntasema kwa upole mana kijana mwenyewe ana adabu, lakini kampuni imempa gari na familia ya watu na michanga ile bado haijui. Kilima cha tatu sijui cha nne akasita katikati, halafu akakanyaga mafuta, na ukikanyaga umekwisha, tairi zikachimba mpaka gari ikakaa na tumbo. Ami alikuwa anapiga kelele kwenye redio "toa mguu, toa mguu" na huku mchanga unaruka tu. Koleo, zile mbao za plastiki za kuweka chini ya tairi, upepo ukashushwa tena mpaka 10, watoto juani, alasiri yote ikaishia hapo na tulikuwa tufike kambini tuone jua linazama tukiwa juu. Tulifika kiza. Nilipowaambia ofisini tuliporudi nikajibiwa inshaallah na juisi ya embe. Kwa riali 140 kichwa kimoja mie sitaki juisi, nataka madereva wawili wanaojua, na hili ndo limewakata nyota moja kwangu.

Kambi: hema nzuri kwa macho, zipu mbili mbovu, magodoro membamba ila masafi. Choo ni koleo na kilima chako, kina mama mjue mapema, wake zetu walikwenda wawili wawili na tochi. Simu hakuna mtandao kabisa tokea Al Hashman, ami alikuwa na simu ya setilaiti na nilimuona akiipiga kila jioni kuwaambia tuko wapi, hilo nawapa mia kwa mia. Chakula usiku wa kwanza ni kuku na wali waliotoka nao mjini kwenye deli, wamepashwa tu. Usiku wa pili ami, kwa pesa yake nadhani, alikuwa kanunua mbuzi Thumrait, akawasha moto akapanga mawe juu yake, mawe yakipata akatandaza nyama juu ya mawe hivi hivi chumvi tu, madhbi wanaita. Mafuta yakitona yanalia. Pembeni dele la kahawa na tende, mkate tunaukata kwa mikono, wallahi sijapata kula mbuzi kama yule na nimekula mbuzi.

Wakati wa magharibi binamu akapiga magoti anataka kutayamamu, mchanga huo hapo, jangwa hilo hapo, na mwenyewe kafurahi. Ami akamtizama akachukua chupa ya maji akampa. Maji yapo gari nzima, tayamamu ya nini? Tulicheka mpaka ikabidi tutulie kwanza ndo tukaswali, tukachanganya na isha mana ni safari.

Baridi. Hakuna aliekwambia ukaamini. Mtu umezaliwa Zanzibar ni nadra kuona usiku chini ya nyuzi 20, pale alfajiri ya Januari ilikuwa 8 kwenye saa ya gari. Blanketi la kampuni moja halitoshi, chukueni la kwenu na soksi na kofia ya sufi kwa watoto. Viatu kung'uta asubuhi, nge wapo, hatukuwaona ila alama za kutambaa zipo kila pahala, na za mbweha zilizunguka hema yetu zikaenda mpaka kwenye mifupa ya mbuzi.

Mzungu mmoja katika gari ya kampuni nyengine tuliokutana nayo akawa anatupa hadithi za Thesiger, yule Muingereza aliekata jangwa hili mara mbili miaka ya 40 na Mabedui wakamwita Mubarak bin London. Kabla yake Bertram Thomas alitoka Salalah Disemba 1930 akafika Doha Februari 1931, wa kwanza katika Wazungu. Ami akasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, na alieongoza njia nani? Akajijibu mwenyewe: Saleh bin Kalut, wa kabila la Rashid. Mzungu akawa kimya, na ndo mana nasema dereva, dereva, dereva.

Kwa kuweka nafasi, wanataka nusu ya pesa mbele kwa benki na wanajibu WhatsApp kwa Kiarabu na Kiingereza. Mwaka mpya na likizo ya skuli za Oman wanajaa. Msiende Mei mpaka Septemba kwa jangwa, mjini kharifu ni raha lakini nyuma ya mlima ni moto mtupu. Usiku mmoja msichukue, mana siku ya kwanza yote inaishia njiani na asubuhi mnageuzwa. Ya usiku mbili, na muandike kwenye ujumbe kabisa kwamba mnataka dereva wa zamani gari zote mbili, wakikataa waulizeni wanapunguza kiasi gani. Ubani nunueni sokoni Al Husn pale Salalah baada ya safari si kabla, kwa sababu mtakuwa mshaushika mbichi na muuzaji hatowaweza.