Pedali ya RAT ya kujijengea: rezista moja iliyonidanganya siku mbili

Sikiliza hii kwanza, halafu tusalimiane.

Umesikia? Huo ni uzi wa sita peke yake, nobu ya distoshani ikiwa katikati. Haya, hamjambo watazamaji, karibuni. Hiki kisanduku cheusi kisicho na nembo nimekifunga mwenyewe kwa jioni nne, na leo nakichambua kama ambavyo ningechambua pedali ya dukani: kimefungwaje, kinaliaje, nimebadilisha nini ndani, na ni kipi ningekiacha kama kilivyokuwa.

Asili yake ni RAT, pedali ya distoshani, yaani ya kuikwaruza sauti ya gitaa, ya kampuni ya ProCo ya Kalamazoo, Michigan, kule Marekani. Ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970, na husimuliwa kwamba jina lilitokana na panya waliokuwa kwenye chumba cha chini ilikobuniwa. Panya wenyewe sikuwaona, lakini ukizungusha distoshani hadi mwisho utakubali kuna kitu humu ndani kinatafuna kitu.

Ninachokichambua si RAT ya ProCo. Ni seti ya vipuri ya kujifungia: bodi tupu, rezista, kapasita, diodi, transista, nobu, na kasha la aluminiamu lililokwisha kutobolewa. Seti za namna hii huuzwa na wengi na sakiti ni karibu ileile, kwa hiyo muuzaji wangu simtaji, na mkisikia kisa chake mtanielewa.

Njia ya sauti ni fupi. Gitaa linaingia kwenye chipu moja, chipu inalikuza kupita kiasi, diodi mbili zinakata vichwa vya mawimbi, kichujio kinapunguza trebo, kisha transista moja inasukuma sauti nje. Basi, hakuna siri nyingine.

Kufunga. Bodi ni nzuri, mashimo yana bati pande zote mbili na maandishi yanasomeka bila miwani. Nilianza na vipuri vifupi, yaani rezista na diodi, kisha soketi ya chipu, kisha kapasita, nikamalizia na transista na nyaya. Ukitanguliza kapasita ndefu, ukiigeuza bodi haitalala mezani. Diodi ina mstari upande mmoja, uelekee kule ulikochorwa kwenye bodi. Kapasita za elektroliti, mguu mrefu ndio chanya. Chuma cha kulehemu nilikiweka nyuzijoto 350, na sehemu moja haikuchukua zaidi ya sekunde mbili tatu. Na soketi usiiruke! Ukiilehemu chipu moja kwa moja kwenye bodi hutaweza kujaribu nyingine, na nusu ya raha ya pedali hii umeizika.

Sasa kisa chenyewe. Jioni ya pili nilichomeka adapta ya volti 9, taa ikawaka, gitaa likalia. Likalia vizuri! Mkwaruzo laini, besi nene, ukipiga kodi unasikia kila noti mahali pake. Nikajisifu. Siku mbili nzima nilipiga nikiwa na furaha, mpaka nilipojaribu kurefusha noti ya solo ikanifia mkononi. RAT haifi hivyo. Nikazungusha distoshani hadi mwisho, wapi, bado imetulia kama paka aliyeshiba.

Nikaifungua, nikachukua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, nikapima rezista moja baada ya nyingine. Mahali palipotakiwa kuwa na omu 47, multimita ikasoma kilo-omu 47. Mara elfu moja!

Niwaonyeshe kwa karibu. Rezista hizi za bluu zina mistari mitano. Omu 47 ni njano, zambarau, nyeusi, dhahabu, kahawia. Kilo-omu 47 ni njano, zambarau, nyeusi, nyekundu, kahawia. Tofauti ni mstari mmoja tu, na chini ya taa hafifu, juu ya rangi ya bluu, dhahabu na nyekundu ni mapacha. Aliyejaza bahasha alikosea, nami niliyekuwa na multimita mezani sikuigusa. Lawama tugawane.

Lakini kwa nini rezista moja ibadilishe tabia ya pedali nzima? Kwa sababu ukuzaji wa chipu hii ni mgawanyo. Juu una kilo-omu 100 za nobu ya distoshani, chini una njia mbili za kwenda ethi, yaani upande wa sifuri wa umeme. Njia ya kwanza ina omu 560 na kapasita ya mikrofaradi 4.7. Hiyo inaanza kazi chini, karibu hezi 60, kwa hiyo ndiyo inayobeba besi na mwili wa sauti. Ya pili ina hiyo omu 47 na mikrofaradi 2.2, nayo inaamka karibu hezi 1,500, kule kwenye makali. Zikifanya kazi pamoja, ukuzaji wa juu kabisa unakaribia mara 2,300. Ukiitoa ile ya 47 unabaki na kama mara 180. Hilo pengo ndilo nililolisikia nikadhani ni ufundi wangu.

Kumbe mafundi wa pedali wanalijua badiliko hili siku nyingi, huliita Ruetz, na hulifanya makusudi kwa kukata mguu mmoja wa rezista hiyo. Mimi nililipata bila kuagiza. Nikaweka omu 47 halali, lakini sikutaka kuupoteza ule upole, basi nikatoboa tundu dogo hapa ubavuni nikaweka swichi inayoiunga na kuiondoa. Sikiliza ikiwa imeungwa. Sasa imeondolewa. Ya pili inafaa unapoongozana na waimbaji, ya kwanza unapotaka kuwanyamazisha. Katika mabadiliko yote ya leo, hili ndilo ningemshauri mtu yeyote, na linataka swichi moja na waya mbili.

Tuje kwenye chipu, maana najua wengine mmefungua video kwa ajili yake. RAT za zamani zilitumia LM308. Ni chipu iliyokusudiwa vyombo vya kupimia, makini lakini mvivu: voltiji yake hupanda volti 0.3 tu kwa mikrosekunde. Ukiidai ukuzaji wa mara 2,300 inaishiwa pumzi, inashindwa kuyafuata mawimbi ya juu, na kule kushindwa ndiko kunakoifanya RAT iwe na ule mkwaruzo mzito usiochoma masikio. LM308 haitengenezwi tena, zilizobaki zinauzwa kama vito, na za bandia zimejaa. Seti yangu ilikuja na OP07, ambayo ProCo wenyewe walihamia, na kwa uvivu hizo mbili ni sawa.

Mimi nikajiona mjanja. Nikachomeka TL071, chipu ya volti 13 kwa mikrosekunde, zaidi ya mara 40 ya kasi ile. Nilitegemea muziki safi zaidi. Nilichopata ni nyuki ndani ya chupa. Sikiliza. Kila ukigusa uzi kuna makali juu yake, na noti zikipungua zinakatika kama karatasi. Si kwamba TL071 ni mbaya, iko kwenye pedali nyingi nzuri, ila hapa inaifanya kazi vizuri kuliko inavyotakiwa.

Kisha nikaazima LM308 ya zamani, nikamwomba mdogo wangu aibadilishe na OP07 bila kuniambia ipi iko ndani, umeme ukiwa umezimwa kila mara, mimi nikiwa nimegeukia ukuta. Tulifanya mara kumi. Kuzitofautisha nilibahatisha tu. Ukiwa nayo, itumie, na usisahau kapasita ya pikofaradi 30 kati ya mguu wa 1 na wa 8, maana LM308 bila hiyo haitulii, wakati OP07 haiihitaji. Usipokuwa nayo, usiuze gitaa kuitafuta.

Diodi sasa. Za asili ni silikoni, 1N914, zinakata mawimbi karibu volti 0.6. Nimeweka swichi ya pili yenye nafasi tatu: juu silikoni, katikati hakuna diodi, chini taa mbili nyekundu za LED, ambazo hukata karibu volti 1.7. Njia hiyo ya LED ndiyo ya Turbo RAT. Tahadhari moja hapa, na nawasihi mnisikilize: LED zinatoa sauti kubwa zaidi, na sikio la binadamu likipewa sauti kubwa hudhani limepewa sauti nzuri. Kabla hujatangaza mshindi, shusha volyumu zilingane. Nilipozilinganisha, LED zilibaki wazi zaidi kwa kodi, silikoni zikabaki tamu zaidi kwa solo. Katikati, bila diodi, chipu inagonga ukingo wa umeme wake yenyewe na inavuma kweli, sijaona nitaitumia wapi. Germaniamu pia nilijaribu. Hukata karibu volti 0.3, sauti ikapungua mpaka pedali ikawa ndogo kuliko gitaa tupu. Nikazing'oa.

Nobu ya filta inamchanganya kila mgeni: ukizungusha kulia sauti inafifia badala ya kung'aa. Kushoto kabisa kichujio kinakata kule kilohezi 32, yaani hakikati chochote unachosikia, na kulia kabisa kinashuka hadi karibu hezi 475. Nikasema nitaigeuza, nikabadilisha waya kwenye miguu ya nobu. Kosa! Nobu yake ni ya logi, yaani haibadiliki kwa hatua sawa, kwa hiyo ukiigeuza, mabadiliko yote yanarundikana kwenye kipande cha mwisho kulia, kwingine hakuna kinachotokea. Ingebidi ninunue nobu ya logi ya kinyume. Nikarudisha waya kama zilivyokuwa na nikajizoeza.

Mluzi je? Ulikuwepo. Waya wa kuingia na wa kutoka nilikuwa nimezilaza bega kwa bega, na kwa ukuzaji huu pedali ikaanza kujisikiliza yenyewe. Nilizitenganisha, ule wa kuingia nikaubadilisha kwa waya wenye ngao, mgongo wa nobu nikaubandika utepe usiguse bodi, na kasha nikaliunga kwenye ethi. Umekwisha. Ukelele mdogo nyuma ya sauti utaubakiza, huo ni wa ukoo.

Kwa mtu ambaye hajawahi kulehemu kabisa, afunge kwanza pedali ya vipuri vichache kuliko hii. Kwa aliyewahi, seti hii naipa mkono, kwa sharti kwamba kila rezista ipite kwenye multimita kabla ya kupita kwenye moto.

Naweka distoshani saa nane, filta saa tano, volyumu saa sita. Saa za kwetu, yaani saa nane mshale uko kwenye 2 ya saa ya ukutani, msije mkaweka kwenye 8 mkaniandikia malalamiko. Swichi kwenye silikoni, omu 47 imeungwa, OP07 kwenye soketi, ampu safi bila mwangwi. Pandisha sauti kidogo, naanza.