Fundi funguo kaniokoa, ila simu hapokei
Pikipiki ya zamani nilinunua mkononi bila funguo hata moja, nikawa naiwasha kwa kugusanisha waya kama mwizi. Nikampelekea fundi wa kuchonga funguo nikijua ataniambia ninunue swichi mpya, kumbe wala, akafungua loki ya siti kwanza, akafuta grisi na kitambaa, pembeni zikatokea namba ndogo zimegongwa, kumbe ndo namba za funguo, na funguo ya siti ndo hiyo hiyo ya swichi, akachonga kwa hizo hizo namba. Kuingiza kwenye swichi ikazunguka laini, taa ya nyutro ikawaka kijani, nilicheka peke yangu jamani! Uzuri funguo za hizi za kizamani hazina chipu ya kuzuia wizi. Mfuniko wa tangi ndo umegoma, kuna mtu alishaubadilisha huko nyuma. Ningempa nyota tano ila simu hapokei, nimezungushwa siku tatu.