Kichujio cha polaraizi cha simu: uzoefu wangu kwenye mabwawa ya Diani

Nahudumia mabwawa ya kuogelea kwenye nyumba za wageni huku Diani. Wenye nyumba wengi wanaishi mbali, wengine Nairobi, wengine Ujerumani, na hali ya bwawa wanaijua kwa picha ninazowatumia nikimaliza kazi. Shida ni kwamba maji yanang'aa: unapiga picha, unapata mawingu na minazi, sakafu huioni.

Ndipo nikanunua kichujio cha polaraizi, kioo cha kijivu chenye fremu inayozunguka, kinachobanwa kwenye lenzi ya simu. Unakizungusha taratibu huku ukitazama skrini, na kuna mahali mng'ao unafifia, mistari ya vigae inajitokeza, kisha kifuniko cha tundu la kutolea maji chini kabisa. Kwangu mimi kifuniko hicho ndicho ushahidi. Kikionekana vizuri ukiwa ukingoni, hakuna ubishi kwamba maji ni maangavu.

Pa kusimama napo pana maana. Kioo hiki hufanya kazi vizuri zaidi simu ikitazama maji kwa mshazari, kama digrii 37 kutoka usawa wa maji. Ukiielekeza chini moja kwa moja, hakikusaidii kitu. Mimi huzima pampu kwanza, nikasubiri maji yatulie, maana viwimbi vikicheza mng'ao haufi wote.

Kuna mama mmoja aliyekuwa akiniuliza kila mara mbona maji yake ni ya kijani. Ilikuwa ni minazi iliyoyainamia. Nilimpigia picha mbili kutoka palepale, moja bila kioo, nyingine nacho, na swali hilo likaisha. Kwa hilo tu pesa yangu imerudi.

Si kila picha inakitaka, lakini. Geji ya presha ya filta ya mchanga, ile inayosafisha maji ya bwawa, naipiga picha bila kioo, kabla na baada ya kuosha mchanga wake. Presha ikipanda psi (kipimo cha presha) 8 hadi 10 juu ya ile ya filta safi, mwenye nyumba anaona mwenyewe kwa nini nimeosha. Vipimo vya klorini na pH navipiga kivulini, nyuma yake kitu cheupe, maana kioo huweza kubadilisha rangi kidogo na hapo rangi ndiyo jibu. Na skrini ya mashine inayotengeneza klorini kwa chumvi inaweza kutoka nyeusi tii pichani kana kwamba imezimika, kumbe ni kioo. Mteja aliye mbali utamtia wasiwasi bure.

Kasoro zake: kinapunguza mwanga, kwa hiyo jioni picha hutoka na ukungu mkono ukitikisika. Hakiondoi mng'ao wa ngazi za chuma. Simu yenye kamera kadhaa ikibadilisha lenzi yenyewe, kioo kinabaki kwenye lenzi isiyotumika. Springi ya kibanio hushika kutu upesi kwa hewa ya bahari. Ifute kila siku.

Picha zitume kwa WhatsApp kama faili, zisibanwe zikapoteza ubora.

Ukienda kununua, kijaribu kwenye kioo cha kabati la dukani ukiwa umesimama kwa mshazari. Kizungushe: taswira za taa na watu zikififia, nunua. Zisipofifia, hicho ni kioo cheusi tu.