Uzoefu wangu: kufufua piano kongwe ya mjomba hapa Dodoma

Tangu niweke ile video status watu kama wanne wameshaniuliza fundi ni nani na imekula shingapi, sasa naandika mara moja niwe nimemaliza.

Piano yenyewe ni Blüthner, kampuni ya piano ya Leipzig, Ujerumani, ile ya kulala yenye miguu mitatu na mfuniko mkubwa unaoinuliwa, imetengenezwa kabla ya Vita ya Kwanza na ina funguo 85 sio 88 kama za sasa hivi, ukihesabu kule mwisho kwenye sauti nyembamba unakuta tatu hazipo. Ilikuwa Tanga kwa mjomba, miaka na miaka imekaa sebuleni inawekewa vitambaa na picha za harusi juu, mi nilipohamishiwa huku na wizara nikaibeba kwa Fuso. Hapo ndo kosa langu la kwanza na nalisema wazi ili lawama zisiende zote kwa mafundi. Tanga ni bahari, mbao imeshiba hewa ya maji. Dodoma kuanzia Mei mpaka Novemba hakuna tone, ni upepo na vumbi, midomo inakupasuka wewe mwenye mafuta ya kupaka, sasa mbao itapona? Usiku mmoja Agosti nikasikia mlio sebuleni kama mtu kavunja kuni. Asubuhi nachungulia, ule ubao mpana unaokaa chini ya nyuzi, ndo unaotoa sauti, una ufa urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko.

Fundi wa kwanza nilielekezwa na watu wa kwaya, anatengeneza vinanda vya umeme na spika za makanisa, kijana msafi ana lugha tamu. Akakuta zile pini zinazokazia nyuzi zimelegea, unakaza leo kesho sauti ishashuka, na zina kutu, basi akatoa kopo la mafuta ya kupuliza akazipuliza mstari kwa mstari zote. Jamani. Pini ya piano haina nati, inashikwa na mbao tu kwa kubanwa, ukiipa mafuta umeiua kabisa. Sikujua, nilikuwa nimesimama pale nimemshikia tochi.

La pili ndo liliniuma. Blüthner wana kitu chao tangu 1873, kwenye noti za juu, ukiacha zile nyuzi tatu zinazopigwa na nyundo ukibonyeza funguo, kuna uzi wa nne umeinuliwa kidogo ambao nyundo haiugusi, wenyewe unatetemeka tu wenzake wakipigwa, unaongeza mng'ao kwenye sauti. Kijana akaona nyuzi hazipigwi na kitu, akachukua koleo akakata 14 akanikabidhi kwenye gazeti, "dada hizi zilikuwa zinasumbua bure." Nikamlipa 350,000 na soda juu! Baadaye namsimulia jirani yangu, mzee wa Kigogo anayepiga ilimba, ile ala ya vyuma vinavyochezwa na vidole gumba, akacheka mpaka akakohoa, akasema mbona hata ilimba kubwa ina vyuma ambavyo vidole havivigusi, vipo pale kujibu wenzao, huyo kijana angeng'oa na hivyo?

Fundi wa pili ni mzee wa Dar, alikuja na SGR kabla ya saa sita keshafika. Shikamoo, marahaba, akavua viatu, akakaa na piano saa mbili nzima bila kutoa kifaa hata kimoja, anagonga tu mbao na kidole anasikiliza. Halafu akaniuliza, "Mwanangu, unataka ipendeze au unataka ilie? Hela uliyonitajia haitoshi vyote." Nikasema ilie. Kwahiyo mkiona kwenye video ina mikwaruzo na alama za vikombe vya chai, ndo makubaliano.

Akavuta ule mtambo wote wa funguo na nyundo nje kama droo akaulaza kwenye meza yetu ya chakula, tukala kwenye mkeka wiki nzima. Chini ya funguo kulikuwa na kiota cha panya kilichofumwa kwa felti nyekundu ya piano yenyewe, kimetengenezwa vizuri kweli, pini za nywele, na senti kumi ya tundu ya enzi ya mkoloni. Mi wasiwasi wangu ulikuwa funguo nyeupe zisije kuwa pembe za ndovu, maana hizo ni nyara za serikali na sitaki kesi. Akanionyesha: za pembe mara nyingi utaona mstari mwembamba ambapo vipande viwili vimeungana na mishipa kama ya kucha, zangu hazina, ni seluloidi, plastiki ya zamani, iliyogeuka njano. Nikashusha pumzi.

Nyundo hakubadilisha. Zilikuwa zimechimbika mitaro kwa kupiga nyuzi miaka yote hiyo, akazipiga msasa taratibu tabaka kwa tabaka kama unamenya kitunguu mpaka zikarudisha umbo. Pini mbovu akang'oa akaweka nene zaidi. Ufa akauziba kwa kipande chembamba cha sprusi, mbao nyepesi ya piano, alichokuja nacho, mi nilimtafutia mninga mkavu mzuri akaukataa, eti huo ni wa kitanda.

Tulipobishana ni kwenye kutyuni, yaani kuweka sauti sawa. Ilikuwa imeshuka karibu nusu sauti na mi nataka 440, yaani noti ya la itetemeke mara 440 kwa sekunde kama kawaida ya siku hizi, ili iende na kinanda cha kwaya. Akagoma. Nyuzi zote pamoja zinavuta kama tani 18 hadi 20, akasema huwezi kumwamsha mgonjwa ukampa gunia abebe, na piano za wakati ule Ulaya nyingi zilitengenezewa 435. Akapandisha kwa awamu, akaiacha wiki, akarudia, akasimama 435. Kinanda tukakishusha kwenye settings zake, dakika mbili. Hapo ndo nikamwelewa, na ndo sababu kubwa ya kumpa nyota 4.

Nyota moja nimebana. Alisema wiki mbili ikawa miezi mitano, sehemu kubwa ni mzigo wa nyuzi kutoka Ujerumani ulikwama kwenye karatasi za ushuru ila simu mchana hapokei kabisa unabaki na maswali yako. Fa moja ya katikati bado inagonga. Na risiti hana, ameandika kwenye daftari.

Ufundi 3,200,000, nyuzi na pini na felti mpaka mlangoni 2,450,000, nauli na malazi 600,000, ukijumlisha na za yule wa koleo ni 6,600,000. Na bado hajanificha, mbao ya pini imeshakunywa mafuta, ananipa miaka mitano sita halafu ibadilishwe yote, hiyo ni hela nyingine.

Sasa hivi nimeitoa dirishani, chini yake kuna beseni la maji na taulo linaloning'inia ndani, na nimenunua kipima unyevu. Oktoba mchana kilisoma asilimia 23, na beseni kinapanda mpaka 38, mzee anataka 40 na kitu. Watoto wakiruka kamba sebuleni zile nyuzi 14 mpya mzee alizorudishia badala ya zilizokatwa unazisikia zinaitikia kwa mbali.

Anarudi Mei mvua zikishakata, kutyuni tena na ile fa. Mwenye piano Dodoma au Singida aniambie tuchangie nauli yake, ila mkimtafuta mpigieni baada ya magharibi.