Nilichonunua na nilichopata katika ofisi ya maandalizi ya leseni ya umeme

Kwa miaka tisa nilifunga nyaya katika nyumba za Mbagala na Kongowe nikiwa na cheti cha ufundi lakini sina leseni, na kila nilipomaliza kazi nilipeleka mchoro wangu kwa mkandarasi mwenye leseni ili augongee muhuri, kwa kuwa ombi la mteja la kuunganishiwa umeme na TANESCO lilihitaji jina la mtu anayetambulika kisheria. Muhuri mmoja ulinigharimu kati ya shilingi 30,000 na 50,000, na mara nyingi aliyeugonga hakuwahi kukanyaga kizingiti cha nyumba yenyewe. Mafundi wengi watanielewa bila maelezo zaidi. Mwaka jana nyumba moja niliyoifunga ilipata hitilafu ndogo, mwenye nyumba akampigia simu mwenye muhuri, naye akajibu kwamba hamjui fundi aliyefanya kazi hiyo. Alisema kweli kwa kiasi chake. Siku hiyo niliamua kutafuta leseni yangu mwenyewe, na ndipo nilipoingia katika ofisi ninayoitathmini hapa.

Ni chumba kimoja katika ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, jijini Dar es Salaam. Jina lake sitalitaja, kwa sababu ofisi za namna hii ziko nyingi na zinafanana kama punje za mchele, hivyo ninachokieleza kitamfaa hata atakayeingia katika nyingine. Bango lao linaahidi "leseni ya umeme kwa haraka na uhakika". Kifurushi kilikuwa cha shilingi 380,000, mbali na ada za serikali, na kilikuwa na mambo matatu: kuandaa nyaraka, kutuma ombi kwenye mfumo, na semina ya kumwandaa mwombaji kwa usaili. Nililipa nusu siku ya kwanza na nusu baada ya ombi kutumwa.

Nianze na jambo ambalo ofisi ilipaswa kulianza nalo, lakini nililigundua mwenyewe katika wiki ya tatu. Bango linasema "mkandarasi", fomu yao ya ndani inasema "mkandarasi", na kijana wa mapokezi aliniambia kwamba nikishapata leseni nitakuwa mkandarasi kamili wa kuomba zabuni. Maneno hayo yanachanganya vitu viwili. Leseni ya kufunga mifumo ya umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, sheria ambayo inaiweka kazi ya fundi wa nyaya za nyumba katika orodha moja na uzalishaji, usafirishaji na usambazaji wa umeme, yaani shughuli ambazo haziruhusiwi kufanywa bila leseni. Usajili wa ukandarasi ni jambo la Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Madaraja ya EWURA yana herufi na yanafuata ukubwa wa umeme ambao mtu anaruhusiwa kuushughulikia: A ndilo la juu, na D ni la fundi wa nyumba zenye umeme wa fezi moja. Madaraja ya CRB yana namba, la kwanza likiwa la juu, na yanafuata thamani ya mradi. Mtu anaweza kuwa na kimoja na akakosa kingine. Mwenzangu mmoja tuliyeanza naye semina alikuwa ameshaahidi kwa mdomo kazi ya kufunga umeme katika jengo la shule, akiamini leseni ingemtosha kuingia katika zabuni, na alipoambiwa ukweli alikaa kimya hadi mwisho wa kipindi. Kosa la kumwacha mteja katika giza la namna hiyo, kwa ofisi inayouza maelezo, si dogo.

Kuhusu nyaraka, walichonifanyia ni hiki: walichukua nakala za cheti changu cha VETA, kitambulisho cha taifa na picha, wakaniandikia wasifu wa kazi wa kurasa mbili, wakafungua akaunti yangu katika LOIS, ambao ni mfumo wa kielektroniki wa EWURA wa maombi ya leseni, kisha wakapakia kila kitu. Kazi yote ilichukua kama saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo ulipita tukisubiri skana yao iamke. Ada ya serikali ililipwa kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo, kwa simu yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye benchi lao. Nilipokuwa natazama bega la yule kijana, niliona wazi kwamba hakuna ukurasa hata mmoja ambao mtu anayeweza kujaza fomu ya mkopo wa simu angeshindwa kuujaza. Ukiwa na simu nzuri, vyeti vyako vikiwa vimeskaniwa na mahali pa kupatia intaneti isiyokatika, sehemu hii haina sababu ya kulipiwa.

Wasifu wenyewe ulinipa wasiwasi. Katika rasimu ya kwanza walikuwa wameandika kwamba nimewahi kusimamia ufungaji wa transfoma na njia ya msongo wa kilovolti 11, jambo ambalo sijawahi kulifanya wala kulikaribia. Nilipouliza, niliambiwa kwamba "hivyo ndivyo tunavyowaandikia wote, inasaidia". Nilikataa, wakafuta, lakini nilibaki nikijiuliza ni wangapi wamekwenda kwenye usaili wakiwa wamebeba uzoefu wa mtu asiyekuwepo. Anayekuhoji husoma wasifu wako akiwa anakutazama, na swali la kwanza hutoka humo humo. Katika siku hiyo hiyo nilipendekezewa, kwa sauti ya chini, njia ya kuomba daraja la juu kwa kutumia cheti cha mhandisi ambaye angeazimisha jina lake kwa malipo ya kila mwaka. Hapo nilikumbuka mchoro na muhuri wa mtu asiyeijua nyumba. Nilikuwa nimekuja kuikimbia biashara hiyo, nao walikuwa wakiniuzia upande wake wa pili. Kwa jambo hili peke yake ningeipa ofisi alama sifuri na kufunga daftari, kama isingekuwa semina ya Jumamosi.

Semina iliongozwa na mzee mmoja, fundi mstaafu, ambaye jina lake nalo nitaliacha kwa heshima yake. Hakuwa na projekta. Alikuja na sanduku la mbao lenye mega, yaani kifaa cha kupima kama nyaya zinavujisha umeme, ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, mega nyingine ya kisasa ya betri, ubao wa plywood uliofungwa bodi ndogo ya usambazaji, soketi mbili na taa moja, na daftari la hesabu. Jumamosi ya kwanza alituuliza swali moja tu, nasi watu kumi na wawili tulilizunguka kwa saa nzima: "Nyumba ina fimbo ya eathi, ile ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, yenye ukinzani wa omu 40. Pasi imevuja, umeme umeshika bodi yake ya chuma. Breka ya soketi ni ya ampea 32. Je, itaruka?"

Kumi kati yetu tulisema itaruka. Mzee akatupa chaki. Volti 230 ukizigawa kwa omu 40 unapata ampea 5.75, na hapo hujahesabu ukinzani mwingine wa njia unaozidi kuipunguza. Breka ya ampea 32 inaziona ampea hizo kama mzigo wa kawaida wa jiko dogo na inaendelea kulala. Pasi inabaki na umeme, na mama wa nyumba anaishika. "Sasa wanangu," alisema, "ile fimbo mliyoipigilia na kuimwagia chumvi na mkaa, mlidhani inamlinda nani?" Kisha akaonyesha kwamba kinachookoa katika nyumba inayotegemea fimbo yake yenyewe ni kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile tunachokiita RCD, cha miliampea 30, na akatufanyisha hesabu: volti 50 za mguso ambazo mwili unahesabiwa kuzivumilia, ukizigawa kwa ampea 0.03, zinatoa zaidi ya omu 1,600. Kwa hiyo kwa karatasi hata fimbo mbaya ingefanya kazi, lakini alituonya tusishangilie, kwa kuwa fimbo ya zaidi ya omu 200 haiaminiki. Mvua ikikatika na udongo ukikauka, kipimo cha leo si cha Septemba. Nimefunga nyumba zaidi ya mia moja. Nilirudi nyumbani usiku huo nikizihesabu zile ambazo niliweka breka peke yake.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mega. Hapa ndipo nilipojua kwamba nimekuwa nikipima kwa mazoea tu: nilikuwa naunganisha, nasoma namba, naandika. Mzee alidai utaratibu. Zima swichi kuu, ondoa balbu zote, chomoa kila kifaa chenye saketi za kielektroniki ndani yake kwa sababu volti 500 za mega zinaweza kukiua, unganisha laivu na nyutro pamoja, kisha pima kati yake na eathi. Chini ya megaomu 1 haikubaliki. Ubao wake aliutengeneza makusudi ukiwa na maungio yaliyolowa maji nyuma ya soketi moja, na mega ikasoma 0.3. Alitukataza kuufungua ubao wote. Tulitakiwa kuitafuta hitilafu kwa kukata saketi nusu kwa nusu. Kikundi changu kilichukua dakika 25, na mzee alisema kwa mteja anayelipa kwa siku hilo ni sawa, ila kwa anayelipa kwa kazi tumekula hasara.

Jumamosi ya tatu ilihusu kushuka kwa volti, kwa mfano wa duka lililoko mita 60 kutoka kwenye mita ya umeme, lenye mzigo wa ampea 30. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba hupoteza milivolti 7.3 kwa kila ampea kwa kila mita, na hivyo mwisho wa safari volti 13 zimepotea, ambazo ni zaidi ya asilimia 5 ya 230. Waya wa milimita 10 hupoteza karibu volti 8 tu. Tofauti ya bei ya waya hizo mbili ndiyo ambayo mteja hukulazimisha uiokoe, na mzee alitushauri tumwonyeshe mteja hesabu hiyo kwenye karatasi yake mwenyewe, aisaini. Jumamosi ya nne, ya sheria na taratibu, iliongozwa na yule kijana wa mapokezi akisoma karatasi, na sina la kuisemea.

Usaili wangu ulifanyika wiki kadhaa baadaye. Sitaeleza maswali, lakini naweza kusema kwamba niliombwa kueleza kazi moja niliyoifanya kwa mikono yangu kuanzia mchoro hadi kipimo cha mwisho, na kwamba kila nilichojibu vizuri kilitoka katika Jumamosi tatu za mzee. Nilipata daraja D, ambalo ndilo nililoliomba na ndilo linalolingana na kazi zangu.

Kwa hiyo tathmini yangu inagawanyika pabaya kwa ofisi hiyo. Katika shilingi 380,000, wao wenyewe, nilipowauliza risiti yenye mchanganuo, waliandika 250,000 kwa nyaraka na kutuma ombi, 130,000 kwa semina. Ile ya kwanza ningeifanya kwa gharama ya bando na nakala. Ile ya pili ingekuwa ya Jumamosi tatu badala ya nne, ningeilipa mara mbili bila kunung'unika. Vilevile nyaraka walizonikabidhi zilikuwa na nenosiri la akaunti yangu ambalo walibaki nalo, na ilinibidi nirudi mara mbili hadi nikapewa nafasi ya kulibadilisha mbele yao; anayepita huko ahakikishe akaunti imefunguliwa kwa namba yake ya simu na barua pepe yake mwenyewe, kwa sababu taarifa zote za ombi na za kuhuisha leseni zinapitia humo.

Niliporudi mwezi uliopita kumsalimia mzee, nilikuta ameacha kuja. Kijana wa mapokezi aliniambia kwamba semina sasa inatolewa kwa video za kundi la simu, na bei ya kifurushi haikubadilika. Mzee mwenyewe nilimpata kwa simu, akaniambia anafundisha chini ya mwembe nyumbani kwake Jumamosi asubuhi, watu sita kwa mara moja, shilingi 20,000 kwa kipindi, na kila mmoja aje na mega yake.