Duka la dawa za Kichina, Kampala: nilimpeleka Mzee

Baba ana miaka 74, usiku anaamka kukojoa mara nne, kiuno kinauma, magoti baridi. Daktari wa duka alimshika mapigo mikono yote miwili, vidole vitatu kila upande, kisha: "Mzee, toa ulimi." Akatueleza kwa upole kwamba katika tiba ya Kichina "figo" hubeba pia mifupa, masikio na nywele; zikipungukiwa joto, yeye hutoa Jin Gui Shen Qi Wan, vidonge vyenye mdalasini.

Hapo nilimpenda. Lakini hakuuliza Baba anameza dawa gani za presha, na chupa imeandikwa Kichina kitupu! Dawa hii kwa kawaida huwa na fuzi, yaani mzizi wa mmea wa akonaiti, ambao usipoandaliwa vizuri ni sumu kwa moyo. Nimempeleka kwanza kupima sukari, mkojo na tezi dume. Chupa iko kabatini, haijafunguliwa.